Mti wa Kivuli Nyumbani: Kazi Kubwa Huanza Baada ya Kupanda

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mvua za kwanza zinaponyesha katika Mkoa wa Dodoma, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, vitalu vya miche hujaa wateja. Watumishi wa umma, wanafunzi, wafanyabiashara na wakulima huonekana wakibeba viriba vya miarobaini, mijohoro na miembe kupeleka majumbani mwao. Ifikapo Oktoba ya mwaka unaofuata, katika viwanja vingi miche hiyo imebaki vijiti vikavu. Miezi ya kiangazi ilipita bila maji ya kutosha, mbuzi walipita bila kizuizi, na mwenye nyumba hujiandaa kununua mche mwingine wa kupanda mahali palepale.

Upo pia upande wa pili wa tatizo hilo. Mti unaponusurika na kukua, wakati mwingine hukatwa baada ya miaka 10 au 15 kwa sababu umeinua sakafu ya baraza, umeziba mfereji, umegusa nyaya za umeme au umetishia kuangukia paa. Familia iliyosubiri kivuli kwa muda mrefu hukipoteza katika asubuhi moja, na hulipa fedha ili kukipoteza.

Matokeo hayo mawili yana chimbuko moja, nalo ni kuhesabu kazi ya mti kuwa imekwisha siku unapopandwa. Makala haya yanaeleza hatua za kuufanya mti wa kivuli udumu katika ua wa nyumba, kuanzia uchaguzi wa mahali, utunzaji wa miaka mitatu ya mwanzo, hadi uangalizi wa mti uliokomaa. Mifano mingi imetolewa kwa kuzingatia mazingira ya Dodoma na maeneo mengine yenye ukame wa kadiri, ingawa kanuni zake zinafaa karibu kila mahali nchini.

Funzo kutoka Kondoa

Dodoma ina historia ndefu katika suala hili. Mwaka 1973, mwaka uleule ambao uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifikiwa, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika zaidi kwa jina la HADO. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imeharibiwa vibaya na mmomonyoko. Makorongo yalikuwa yamekata vilima, na mchanga ulikuwa umefunika mashamba ya mabondeni. Mradi ulichimba makinga maji na kupanda miti, lakini hatua inayokumbukwa zaidi ni ile ya mwaka 1979, pale mifugo ilipoondolewa katika eneo lililoathirika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200.

Hatua hiyo ilikuwa nzito kwa wafugaji, na imejadiliwa sana tangu wakati huo. Hata hivyo, ilionesha jambo moja ambalo halina ubishi. Nyasi na vichaka vilirudi, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini, na sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Kilichobadilika ni kwamba ulipata ulinzi.

Mwaka 2017, baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, ilizinduliwa kampeni ya Dodoma ya Kijani ili kuhamasisha upandaji wa miti katika makao makuu ya nchi. Aprili 1 nayo imekuwa ikifahamika kama Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Jitihada hizo za kitaifa hufanikiwa au kukwama katika viwanja vya wananchi, mahali ambapo hakuna mradi wala mlinzi zaidi ya familia yenyewe.

Kwa nini mti mmoja una thamani

Paa la bati linalopigwa na jua la saa nane mchana hupokea joto na kulishusha chumbani. Mti hupunguza joto hilo kwa njia mbili. Kwanza, matawi yake huzuia miale ya jua isifike kwenye paa, ukuta na ardhi. Pili, majani hutoa maji hewani kwa njia ya mvuke, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye hewa iliyo karibu. Ndiyo sababu kivuli cha mti huburudisha zaidi kuliko kivuli cha turubai, japokuwa vyote viwili huzuia jua.

Aidha, mti hupunguza nguvu ya upepo na vumbi, hupokea matone makubwa ya mvua kabla hayajapiga udongo, na mizizi yake hushikilia ardhi ya ua isichukuliwe na maji. Katika nyumba nyingi, chini ya mti ndipo wageni hupokelewa, mboga huchambuliwa, watoto hufanyia kazi za shule na vikao vya familia huketi. Msiba ukitokea, watu hukusanyika hapo. Kuupoteza mti wa namna hiyo ni sawa na kupoteza chumba kimoja cha nyumba.

Kuchagua mti unaolingana na mahali

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Mti unaofaa ni ule unaoweza kuvumilia miezi saba ya ukavu baada ya kukomaa. Mwarobaini unaongoza kwa sababu hiyo. Asili yake ni Asia ya Kusini, hukua haraka, hustahimili udongo usio na rutuba nyingi na mizizi yake huenda chini kutafuta maji. Usichovumilia ni maji yanayotuama kwenye mizizi, hivyo haufai kupandwa kwenye bonde linalojaa maji wakati wa masika.

Mjohoro nao hukua haraka na kutoa kivuli kizito. Mkwaju hukua taratibu, lakini huishi miaka mingi, huvumilia ukame na upepo, na hutoa matunda yenye soko. Mwembe hutoa kivuli na chakula kwa pamoja, ila huhitaji maji zaidi katika miaka ya mwanzo. Katika maeneo ya Pwani, mkungu na mfenesi huongezeka katika orodha, na katika nyanda za juu zenye baridi mparachichi hufanya vizuri.

Mkaratusi haushauriwi kwa ua wa nyumba ya kawaida. Hukua na kuwa mrefu sana, hunywa maji mengi, na matawi yake makubwa huweza kukatika na kudondoka bila dalili ya awali. Mti huo una nafasi yake katika mashamba ya kuni, nguzo na mbao, mbali na nyumba na mbali na vyanzo vya maji.

Mwananchi anayetaka kuotesha mwarobaini mwenyewe azingatie kuwa mbegu zake hupoteza haraka uwezo wa kuota. Matunda yaliyoiva yaokotwe, nyama yake ioshwe, mbegu zianikwe kivulini kwa siku chache, kisha zipandwe kwenye viriba ndani ya wiki mbili. Kwa anayenunua kitaluni, mche mzuri ni wenye shina nene lililonyooka na majani ya kijani yasiyo na madoa, wenye urefu wa sentimita 30 hadi 50. Mche mrefu kupita kiasi uliokaa kitaluni muda mrefu mara nyingi una mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba, na mizizi ya namna hiyo huudhoofisha mti maisha yake yote.

Mahali pa kupanda ndipo mti unapookolewa

Kabla ya kuchimba shimo, ni vyema kuutazama mti kwa ukubwa utakaofikia. Mwarobaini uliokomaa huweza kufikia urefu wa mita 15 hadi 20, na matawi yake kutanuka mita 10 au zaidi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mche wenye urefu wa goti uliopandwa mita moja kutoka ukutani hauna nafasi ya kufika ukubwa huo bila ugomvi na nyumba.

Kwa miti ya kivuli ya ukubwa huo, umbali wa mita 6 hadi 8 kutoka kwenye ukuta wa nyumba ni salama zaidi. Umbali kama huo uzingatiwe kutoka kwenye shimo la maji taka, choo cha shimo na karo, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu na huingia katika nyufa na maungio ya mabomba. Mara nyingi mizizi haivunji bomba zima. Huingia pale ambapo maji tayari yanavuja, kisha hunenepa na kupanua ufa uliokuwepo. Kwa hiyo bomba linalovuja likarabatiwe kwanza, halafu mti upandwe mbali nalo.

Tahadhari ya pekee inahitajika katika maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaojulikana kwa wengi kama udongo wa mbuga. Udongo huo huvimba unapolowa na hunywea unapokauka. Mti mkubwa ulio karibu na nyumba hunyonya maji wakati wa kiangazi na kuongeza kunywea kwa udongo chini ya msingi, hali inayoweza kusababisha nyufa kwenye kuta. Katika udongo wa namna hiyo umbali uongezwe, au uchaguliwe mti mdogo.

Mwananchi atazame juu pia. Chini ya nyaya za umeme usipandwe mti wowote unaorefuka. Mti ukishagusa nyaya huhatarisha maisha ya wakazi, na utakatwa mara kwa mara kwa namna isiyozingatia afya wala umbo lake. Mahali penye kiwanja kidogo, na hasa katika miji yenye viwanja vilivyobanana, mti mmoja mdogo kama mstafeli, mpera au mlimau unafaa kuliko mwarobaini utakaozua malalamiko ya jirani.

Suala la upande wa kupanda nalo ni muhimu. Jua linalosumbua zaidi nyumba zetu ni la alasiri, linapoteremka magharibi na kupiga kuta moja kwa moja. Mti uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba hutoa faida kubwa katika saa hizo. Upepo wa kiangazi mjini Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo safu ya miti midogo au vichaka upande huo husaidia kupunguza vumbi.

Shimo na siku ya kupanda

Shimo lichimbwe mapema, wiki mbili au zaidi kabla ya kupanda, likiwa na upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu, ambao kwa kawaida ni mweusi na wenye rutuba, uwekwe upande mmoja, na udongo wa chini upande mwingine. Wakati wa kufukia, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri na urudishwe shimoni kwanza, pale mizizi itakapoanzia. Samadi mbichi haifai kwa kuwa huchoma mizizi na huvutia wadudu.

Mche upandwe baada ya mvua kulowesha ardhi ipasavyo, na si baada ya manyunyu ya siku moja. Kwa Dodoma, kipindi kati ya mwishoni mwa Desemba na Januari kinafaa, kwa kuwa mche hupata miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Mche unaopandwa Aprili, mvua zikielekea ukingoni, huingia kwenye ukame ukiwa bado mgeni ardhini.

Kiriba lazima kitolewe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mche uliofukiwa pamoja na plastiki yake huishi kwa muda kisha hudumaa na kufa, na mwenye nyumba hulaumu udongo au kitalu. Kiriba kichanwe kwa wembe upande mmoja bila kubomoa udongo, mizizi iliyojizungusha chini ikatwe kwa mkasi safi, na mche usimamishwe kwa kina kilekile uliokuwa nacho kitaluni. Udongo ushindiliwe kwa mguu taratibu ili kuondoa mifuko ya hewa. Kisha kitengenezwe kisahani kuzunguka mche, chenye upana wa karibu mita moja na kingo za udongo, ili maji yasitiririke kwenda kwingine.

Kiangazi cha kwanza na hesabu ya maji

Hiki ndicho kipindi kinachoamua. Wananchi wengi hukata tamaa kwa kudhani kuwa kumwagilia mti kunahitaji maji mengi ambayo familia haina. Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mche wa mwaka wa kwanza unaweza kuvuka kiangazi kwa lita 20 kwa wiki, yaani dumu moja. Kutoka Mei hadi mwishoni mwa Novemba ni takribani wiki 30. Kwa hesabu hiyo, mti mmoja unahitaji madumu 30, sawa na lita 600, kwa kiangazi kizima. Familia yenye uwezo wa kutenga madumu mawili kwa wiki ipande miti miwili na kuivusha yote, badala ya kupanda kumi na kubaki bila hata mmoja.

Namna ya kumwagilia ina uzito sawa na kiasi cha maji. Kunyunyiza kikombe kimoja kila siku hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki juu ikisubiri kikombe cha kesho. Siku kikombe kikikosekana, mti hunyauka. Lita 10 zinazomwagwa polepole mara mbili kwa wiki hushuka chini, na mizizi huzifuata. Mti uliofundishwa kutafuta maji chini ndio utakaojitegemea baadaye. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na usemi huo unaufaa mti kama unavyomfaa mtoto.

Maji ya kuoshea mboga, mchele na matunda yanafaa kabisa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi, magadi au dawa ya kung'arisha nguo yasitumike, kwa kuwa chumvi na kemikali zake hujikusanya kwenye udongo. Muda mzuri wa kumwagilia ni asubuhi mapema au jioni.

Zipo njia mbili rahisi za kupunguza upotevu wa maji. Ya kwanza ni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kufungwa kwenye mti wa kuegemeza huku mdomo ukitazama chini, ili maji yadondoke taratibu kwenye mizizi. Ya pili ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kinachofukiwa kando ya mche hadi shingoni na kujazwa maji. Maji hupenya polepole kwenye kuta za chungu kadiri udongo unavyokauka. Chungu hicho kifunikwe wakati wote ili kisiwe mazalia ya mbu.

Juu ya kisahani yawekwe matandazo ya nyasi kavu, majani au mabua, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandazo hupunguza joto la udongo na uvukizaji wa maji. Yasigusane na shina. Yaachwe umbali wa kiganja kimoja ili shina lisioze na mchwa wasipate njia. Katika maeneo yenye mchwa wengi, matandazo yafunuliwe na kukaguliwa kila wiki. Mwarobaini huvumilia mchwa kwa kiasi, lakini mche ulionyauka kwa kiu hushambuliwa upesi kuliko mche wenye afya.

Katika mwaka wa pili, kumwagilia kunaweza kupunguzwa hadi mara moja kila wiki mbili, kwa kiasi kikubwa zaidi kila mara. Katika mwaka wa tatu, mwarobaini au mjohoro uliotunzwa vizuri utahitaji maji pale tu kiangazi kinapokuwa kirefu kuliko kawaida.

Ulinzi dhidi ya mifugo

Mbuzi mmoja huweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika chache. Kila mche uwekewe kizimba kabla ya jua la siku ya kupanda kuzama. Kizimba kinaweza kutengenezwa kwa fito, matawi ya miiba, matofali yaliyopangwa kwa kuacha matundu, au pipa chakavu lisilo na kitako. Kiwe na urefu unaozidi shingo ya mbuzi na upana unaoruhusu hewa kupita na mkono kuingia kwa ajili ya palizi. Kizimba kidumu hadi matawi ya mti yatakapokuwa juu ya uwezo wa mifugo kuyafikia.

Ulinzi unahusu pia watu. Shina lisitumike kufungia mbuzi, kupigilia misumari ya mabango au kuanikia nguo kwa waya. Waya unaozungushwa kwenye shina humezwa na gome kadiri mti unavyonenepa, na huziba njia za chakula cha mti zilizo chini ya gome. Taka zisichomwe chini ya mti, hata kama moto ni mdogo, kwa sababu joto huua gome na kufungua mlango wa kuoza.

Kupogoa kwa kiasi

Mche mchanga usivuliwe matawi yake ya chini haraka. Majani hayo ndiyo yanayolisha shina na kulinenepesha. Katika miaka miwili ya mwanzo inatosha kuondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, au shina la pili linaloshindana na shina kuu. Mti wenye mashina mawili yaliyobanana hupasuka kwa urahisi siku ya dhoruba. Kuondoa shina moja mti ukiwa na unene wa kidole huchukua dakika moja, lakini likiachwa miaka 15 huhitaji fundi, kamba na gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mti unapokua, matawi ya chini yaondolewe kidogo kidogo kila mwaka hadi watu waweze kupita chini yake. Katika msimu mmoja isiondolewe zaidi ya robo ya matawi yote yenye majani. Muda unaofaa kwa Dodoma ni mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, wakati vidonda havikai na unyevu na mti unakaribia kuchipua.

Kifaa kiwe msumeno au mkasi wa bustani wenye makali. Panga huchana gome na kuacha vipande vinavyooza. Tawi kubwa likatwe kwa hatua tatu. Kwanza, mkato mfupi upande wa chini, sentimita 30 kutoka shinani. Pili, mkato wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ili tawi lianguke bila kubandua gome la shina. Tatu, kipande kilichobaki kikatwe karibu na shina, nje kidogo ya uvimbe unaozunguka mwanzo wa tawi. Uvimbe huo ndio unaofunika kidonda, na haupaswi kukatwa.

Tabia ya kukata kichwa chote cha mti na kuacha gogo inapaswa kuepukwa. Mwarobaini na mjohoro huchipua tena, na kwa sababu hiyo wengi hudhani hakuna madhara. Machipukizi hayo huota juu ya mbao zinazoanza kuoza, hushikilia gome kwa udhaifu, na baada ya miaka michache huwa matawi mazito yanayokatika kwa upepo.

Mti mkubwa ukaguliwe kabla ya masika

Mti uliokomaa hauhitaji kumwagiliwa, lakini unahitaji kutazamwa. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, mwenye nyumba auzunguke mti wake na kukagua dalili za hatari. Dalili hizo ni pamoja na uyoga unaoota kwenye shina au chini yake, mpasuko kwenye maungio ya matawi makubwa, shimo lenye unga wa mbao, udongo unaoinuka au kupasuka upande mmoja wa mti, na mti uliosimama wima ambao umeanza kuinama. Mojawapo ikionekana, watoto wasicheze chini yake, na ushauri utafutwe kwa ofisa misitu wa halmashauri.

Makosa mengi katika hatua hii hufanyika wakati wa ujenzi. Mizizi mingi inayolisha mti iko katika sehemu ya juu ya ardhi, na hutanuka kupita kivuli cha matawi. Kumwaga zege hadi kwenye shina, kurundika kifusi juu ya mizizi au kuchimba mtaro wa msingi karibu na mti huudhuru bila dalili ya haraka. Mti huweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kukauka, na wakati huo hakuna anayekumbuka zege. Pale sakafu inapohitajika, iachwe nafasi ya wazi kuzunguka shina na vitumike vitofali vinavyoruhusu maji kupita.

Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme yasiguswe na mwananchi. Taarifa itolewe katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu. Mti unapoangukia nyumba au kuziba njia na kuhatarisha maisha, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Ikibidi kuukata, mwananchi apate kwanza maelekezo ya ofisi ya kata au ofisa misitu kuhusu taratibu za halmashauri husika, hasa pale ambapo magogo au mkaa vitasafirishwa nje ya kiwanja, kwa kuwa usafirishaji wa mazao ya misitu huhitaji kibali. Ni busara mche wa kuurithi uwe umepandwa miaka kadhaa kabla, mahali palipopimwa vizuri, ili familia isibaki juani.

Neno kuhusu dawa ya mwarobaini

Jina la mwarobaini limetokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini, na nyumba nyingi hutumia majani yake. Kwenye bustani, majani na mbegu zake husaidia kufukuza baadhi ya wadudu. Kwa binadamu, tahadhari inahitajika. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kusababisha sumu kali kwa watoto wadogo waliyonyweshwa. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, apimwe na apewe dawa inayostahili.

Wajibu wa kila kaya

Utunzaji ulioelezwa hapa hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji dumu la maji kila wiki, kizimba cha fito, msumeno mmoja unaoweza kuazimwa kwa jirani, na mtu wa familia aliyekabidhiwa jukumu hilo kwa jina. Katika nyumba zenye watoto wa shule, kila mtoto anaweza kukabidhiwa mti mmoja na siku yake ya kumwagilia, na mzazi akafuatilia kama anavyofuatilia daftari la hesabu.

Wananchi wanahimizwa kufika katika ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania au kwa maofisa misitu wa halmashauri zao ili kupata ushauri kuhusu aina ya miti inayofaa katika maeneo yao kabla ya msimu ujao wa mvua. Wale waliopanda msimu uliopita wana kazi ya kufanya wiki hii: kufunua matandazo, kuchomeka kijiti ardhini hadi urefu wa kiganja, na kama kijiti kimetoka kikavu, kuchota dumu moja la maji.